Mtandao Usioiamini Laini

Miongozo ya UUCP, mfumo wa kompyuta kupelekeana barua na faili kwa laini za simu, iliyochapwa miaka ya 1980 inaanza na kazi ambayo fundi wa leo angeishangaa: kabla ya kuandika chochote kwenye faili, msimamizi anashauriwa apige simu kwa mkono. Anafungua programu ya cu, anaiamuru modemu ipige namba ya kompyuta jirani, kisha anakaa akitazama jirani huyo anasema nini akipokea. Je, anakaribisha mara moja, au anangoja kwanza abonyezewe kitufe? Anauliza jina kwa herufi kubwa au ndogo? Anakawia kiasi gani kabla ya kudai nywila? Majibu yanaandikwa kwenye karatasi, na kutoka kwenye karatasi yanahamia kwenye mstari mmoja wa faili ya Systems: jina la jirani, saa anazoruhusiwa kupigiwa, aina ya kifaa, kasi, namba ya simu, na mwishoni mazungumzo yenyewe, kila neno linalotarajiwa likifuatwa na jibu lake. Katika mazungumzo hayo wasimamizi waliandika kwamba wanatarajia kusikia «ogin:» na «ssword:». Herufi ya kwanza iliachwa kwa makusudi, maana ndiyo iliyozoea kupotea laini inapofunguka, na hata isipopotea ilikuja kubwa kwa mashine hii na ndogo kwa ile.

Aliyeandika «ogin:» alikuwa amekwisha kukubali kwamba kuna kitakachopotea njiani, akaipanga kazi yake kuanzia hapo. Hoja yangu ni kwamba mji kama Goma, mashariki mwa Kongo, ambao laini zake hukatwa na vita, na volkano, na amri za serikali, na wakati mwingine na bili tu isiyolipwa, unahitaji mawasiliano yaliyojengwa kwa fikra hiyo. Na kwamba tangu simu ya mkononi ienee tumekuwa tukipokea vyombo vilivyojengwa kwa fikra iliyo kinyume kabisa, ile inayodhani kwamba laini ipo saa zote na kwamba ikikosekana kosa ni la mtumiaji.

Mfumo wenyewe wa UUCP ni wa kale kwa hesabu za kompyuta. Mike Lesk aliuandika katika maabara ya Bell mwaka 1976, ukasambaa pamoja na toleo la 7 la Unix mwaka 1979, na mwaka 1983 Peter Honeyman, David Nowitz na Brian Redman wakauandika upya. Toleo lao likaitwa HoneyDanBer, kwa kuchanganya majina ya wote watatu. Toleo huria la Ian Lance Taylor likafuata mwaka 1991. Mtu akituma barua au faili kwa UUCP, mashine yake haikurupuki kumpigia jirani. Inaandika hati ndogo katika saraka ya /usr/spool/uucp, moja ikieleza kazi inayotakiwa, nyingine ikibeba maudhui, na mtumaji anaendelea na shughuli zake. Usiku, bei ya simu ikishuka, programu ya uucico inaamka, inapiga, inajitambulisha, inakabidhi vya kwake na kupokea vya mwenzake katika simu hiyohiyo moja, kisha inakata. Data inasafiri kwa vipande vya baiti 64, kila kipande na hesabu yake ya uhakiki, na kilichofika kimeharibika kinaombwa tena. Jirani asipopokea, mashine inaandika kwamba imeshindwa, inangoja, inajaribu tena. Katika HoneyDanBer kila jaribio linaloshindwa linarefusha kungoja. Kutokuunganika hakuhesabiwi hitilafu. Ndiyo hali ambamo mashine inaishi sehemu kubwa ya siku, na simu ya usiku ni tukio fupi tu linaloikatiza.

Jambo la pili ni namna mashine hizi zilivyoaminiana. Jirani aliingia kwa jina na nywila kama mtumiaji yeyote, lakini akishaingia hakukuta uwanja wa kuandika amri: alikutana moja kwa moja na uucico, iliyomwuliza yeye nani na ameleta nini. Faili nyingine, ya Permissions, ilitaja saraka anazoweza kusoma, saraka anazoweza kuandikia, na amri anazoweza kuomba zitekelezwe kwa niaba yake, ambazo kwa kawaida zilikuwa mbili tu, kupokea barua na kupokea habari. Kila upande uliandika jina la mwenzake kwa mkono wake. Hata nani atamlipia nani simu ilikuwa sehemu ya mapatano, kwa sababu penye nafasi ya saa msimamizi aliweza kuandika neno la kuizuia mashine yake isipige kamwe, ikae ingoje kupigiwa. Hakukuwa na kampuni katikati iliyowajua wote wawili na kuwashikia ufunguo.

Afrika Mashariki iliujua mtindo huu, ingawa mara nyingi kwa programu nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mashirika ya Nairobi yalibadilishana barua kupitia NGONET, iliyokaa kwenye Kituo cha Uhusiano wa Mazingira, ELCI, na mradi wa ESANET ukaziunganisha kompyuta za vyuo vikuu vya Nairobi, Makerere, Dar es Salaam, Zambia na Zimbabwe. Wengi wao walichagua FidoNet, mfumo ulioanzishwa na Tom Jennings mwaka 1984, na sababu zao zinaumiza kidogo kwa anayetaka kuisifu UUCP. FidoNet ilikubali kukaa kwenye kompyuta ya bei nafuu yenye DOS, wakati Unix ilidai mashine na mtaalamu ambao si kila ofisi ingeweza kuwapata. Zaidi ya hapo, utaratibu wake wa Zmodem uliweza kuendeleza faili pale ilipokatikia, ilhali UUCP ya awali iliianza faili upya. Kwenye laini mbovu, faili ndefu ingeweza kuanza kila usiku na isimalizike hata wiki ikiisha. Katika nchi zinazotumia Kifaransa mambo yalikuwa tofauti: mtandao wa RIO wa taasisi ya utafiti ya ORSTOM ulibeba barua kwa UUCP hadi Dakar, Bamako, Ouagadougou na Niamey. Programu zilitofautiana, mantiki ilikuwa ileile: weka foleni, ngoja laini, kabidhi, kata. Hata suala la gharama lilitatuliwa kwa mapatano ya aina ileile. GreenNet ya London ndiyo iliyozipigia kompyuta za Afrika, kwa kuwa simu kutoka Uingereza ilikuwa rahisi kuliko ile inayotoka huku, na Nairobi ikakaa ikingoja kupigiwa. Nayo SatelLife, shirika lililoanzishwa na daktari wa moyo Bernard Lown, iliitumia setilaiti ndogo inayozunguka dunia kwa takriban dakika 100 kuwapelekea madaktari barua na majarida: ikipita juu ya kituo inapokea na kuteremsha, halafu inakwenda zake mpaka itakaporudi.

Goma haikuwamo katika ramani hizo. Posta na simu za Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, zilikuwa zimeoza mapema mno. Telecel iliyoanzishwa na Miko Rwayitare mwaka 1986 iliwahudumia kwanza matajiri wa Kinshasa, na modemu haina cha kufanya mahali pasipo na laini ya kuinukia. Kilichoushikilia mji huu pamoja na vijiji vyake ni foni, redio ya masafa marefu ya misheni, ya makampuni ya ndege ndogo, ya wafanyabiashara wa madini ya kasiteriti. Mwenye foni alikuwa na saa zake. Saa fulani asubuhi Walikale anasikiliza, saa fulani Goma anaita, opereta anaandika ujumbe kwenye daftari, anausoma tena herufi kwa herufi panapokwaruza, na mwenye ujumbe anatafutwa baadaye na mtoto wa jirani. Kituo kisichosikika leo kinapitishiwa ujumbe na kituo cha tatu kinachowasikia wote wawili. Mtu aliyewahi kuipanga UUCP angeutambua utaratibu huu mara moja: saa zilizokubaliwa, foleni katika daftari, uhakiki wa kila kipande, mpokezi wa kati. Mwezi Julai 1994, watu wanaokaribia milioni moja walipovuka kutoka Rwanda kwa siku chache, redio hizo zilikuwa miongoni mwa vyombo vya kwanza vilivyowekwa na mashirika ya misaada, na baadaye Shirika la Mpango wa Chakula Duniani likazifundisha kubeba hata barua pepe. Sitaki kuifanya foni kuwa kitu cha kulilia. Ilikuwa ghali, haikuwa na siri hata kidogo, na mwenye nayo alikuwa na nguvu juu ya asiye nayo. Ninachosema ni kwamba ilijengwa kwa hali halisi ya mahali.

Simu ya mkononi ilipokuja ilituondolea mateso mengi, na asiyelikubali hilo hajawahi kumtafuta mgonjwa aliyeko Masisi. Lakini foleni iliyokuwa kwenye daftari la opereta, ndani ya mji, ilihamia kwenye seva zilizo mbali, na njia ya kuzifikia ikawa moja au mbili. Matokeo yake tumeyaona mara kwa mara. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, serikali ilikata intaneti nchini kote, na hadi ilipoirudisha katika juma la tatu la Januari, simu mbili zilizokaa chumba kimoja pale mtaa wa Himbi hazikuweza kupelekeana picha kwa programu ambazo watu wamezizoea. Mwezi Januari 2025, waasi wa M23 walipoingia Goma, umeme, maji na intaneti vilikatika katika sehemu kubwa ya mji; waliokaa karibu na mpaka wakatafuta mawimbi ya Rwanda, waliokaa mbali nao wakanyamaza bila kutaka. Katika hali zote mbili simu zilibaki na betri, na diski, na antena, na wenye simu walibaki na miguu. Kilichokosekana ni programu inayokubali kwamba ujumbe wa mtaa wa Katindo kwenda mtaa wa Majengo hauna haja ya kuzunguka bara jingine kwanza.

Kuna kisa kingine ambacho hakikuhitaji risasi. Kituo cha Uchunguzi wa Volkano cha Goma kinategemea data ya vipima-tetemeko vilivyotawanywa kuuzunguka mlima Nyiragongo, na data hiyo hufika ofisini kupitia intaneti. Ufadhili wa mradi wa Benki ya Dunia ulipokwisha mwaka 2020, kituo kilikaa miezi kadhaa bila fedha za kulipia muunganisho, ukarudi kwa shida karibu na Aprili 2021. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ukalipuka. Siwezi kudai kwamba foleni ya data ingewaokoa waliokufa. Tahadhari ya volkano inadai data ya papo hapo, na kipande kinachofika kesho ni historia. Hata hivyo, miezi ya ukimya si sawa na kuchelewa kwa siku moja. Wanasayansi hutafuta mwelekeo unaojengeka kwa wiki na miezi, na rekodi inayokusanywa na pikipiki mara moja kwa wiki, ikapokelewa ofisini kwa utaratibu uleule unaopokea ya intaneti, ni rekodi bado. Mfumo unaojua njia moja tu ukipoteza njia hiyo hubaki na sifuri, na sifuri haichambuliki.

Mpinzani wa kwanza atasema WhatsApp nayo huweka ujumbe na kuutuma baadaye: unaandika, alama ndogo ya saa inakaa, mtandao ukirudi inageuka kuwa tiki. Ni kweli, na ndiyo maana watu wameipenda. Lakini tuangalie ujumbe huo unakaa wapi. Unakaa kwenye simu ya mtumaji mpaka simu hiyohiyo ione intaneti. Hauwezi kumpanda mtu mwingine anayeelekea upande wa pili wa mji. Katika UUCP, mashine ya tatu iliyoelewana na zote mbili iliweza kuubeba, na mtu aliweza kuziandika mashine za njiani moja baada ya nyingine, zimetenganishwa kwa alama ya mshangao, akajua barua yake itapita kwa nani. Nguvu ya jambo hilo ilionekana Moscow, tarehe 19 hadi 21 Agosti 1991. Waliojaribu mapinduzi walishika televisheni na magazeti, lakini mtandao wa Relcom, uliotumia UUCP juu ya laini za kawaida za simu, uliendelea kupeleka habari kutoka mjini humo kwenda miji mingine na hadi Finland, na wasimamizi wake wakawaomba watu wa miji ya mbali waandike wanachokiona mitaani kwao. Hakukuwa na swichi moja ya kuzima. Ingebidi kuzima simu yenyewe, na waliotaka kutawala walihitaji simu pia.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na linatoka kwa watu wanaoijua Goma ya sasa. UUCP ilituma nywila wazi, ikaandika njia nzima ya barua juu ya bahasha yake, ikaacha maudhui kwenye diski ya kila mpokezi wa kati, yeyote mwenye mamlaka juu ya mashine akaweza kuyasoma. Katika mji ambao kijana husimamishwa kizuizini akaambiwa afungue simu yake, kumpa foleni ya jumbe za watu wengine ni kumtia hatarini. Hapa sina ubishi: programu ya mwaka 1976 haifai kurudishwa kama ilivyo, na anayefikiria kuiweka kwenye kompyuta ya Goma kwa mapenzi ya mambo ya kale aache. Lakini udhaifu huo ni wa zama zake, haumo katika wazo la foleni. Ipo programu ya siku hizi iitwayo NNCP, iliyoandikwa na Sergey Matveev, inayofuata mantiki ya UUCP huku ikifunga kila kifurushi kwa ufunguo wa mpokeaji, hivi kwamba mbebaji wa kati hawezi kukisoma. Inakubali kusafiri kwa kebo, kwa redio, au kwa flashi iliyo mfukoni mwa abiria wa boti la Bukavu, kama bahasha za ofisi zinavyosafiri kila siku ziwani. Haitamwondolea mbebaji maswali kizuizini, maana kifurushi kisichosomeka nacho kinaweza kumtia mtu shakani. Inamhakikishia tu kwamba hata akilazimishwa hawezi kuyafungua maneno ya wenzake.

Wako pia watakaosema kwamba shida ya watu wa Goma si barua, ni pesa. Benki zilipofungwa mwishoni mwa Januari 2025, maisha yalining'inia kwenye pesa za simu na kwa mawakala waliobaki na noti. Pesa haiwezi kukaa foleni namna hii: salio lililotumwa mara mbili kabla mashine hazijaulizana ni wizi, hata kama mtumaji hakukusudia. Hoja yangu inaishia hapo, na sioni haja ya kuinyoosha ili ifunike kila kitu. Yapo mawasiliano yanayodai wote wawili wawe kwenye laini kwa wakati mmoja, na pesa ni mojawapo, kama ilivyo kengele ya volkano. Lakini sehemu kubwa ya mambo yanayopita kwenye simu zetu si ya namna hiyo. Orodha ya madawa yaliyokwisha katika kituo cha afya, matokeo ya mtihani, taarifa ya kwamba fulani yu mzima na amelala kwa shangazi yake Gisenyi, daftari la ushirika wa kahawa: vyote hivyo vinaweza kufika usiku, na vikifika usiku vimefika.

Linabaki swali la nani atayapanga haya, na hapo ndipo UUCP ilipokuwa ngumu kweli. Mstari mmoja uliokosewa kwenye faili ya Systems uliweza kumkesheza mtu mpaka alfajiri, akiitazama uucico ikimwaga maelezo ya kila herufi iliyopokewa, kumbe tatizo ni modemu ya upande wa pili inayojibu kwa kasi nyingine. Wengine huona ugumu huo kuwa sababu ya kushukuru kwamba leo tunabonyeza tu. Mimi naona bei ya kubonyeza tu ni kwamba siku muunganisho unapokufa, mjini hapana mtu aliyewahi kuuona ukiwa umefunguliwa. Waliopanga nodi za Kampala na Nairobi katika zama zile walikesha na modemu, na baadhi yao ndio waliokuja kuanzisha makampuni ya intaneti na kusimamia majina ya nchi zao mtandaoni. Charles Musisi wa Uganda ni mmoja wao. Goma ina vyuo vya ISIG na ULPGL, ina Chuo Kikuu cha Goma, na Bukavu ng'ambo ya ziwa ina vyake. Kompyuta mbili ndogo zenye betri na paneli ya jua, NNCP ndani yake, na wanafunzi wa pande mbili wanaobadilishana funguo ana kwa ana na kuandikana majina kwenye faili za mipangilio, ni kazi ya muhula mmoja na haisubiri mfadhili mkubwa. Kabla ya kuwasha mashine watalazimika kukubaliana boti lipi libebe flashi na siku zipi, nani ajulishwe isipofika, nani alipe nauli, na mbebaji ajibu nini akiulizwa bandarini. Mapatano hayo yatawachukulia muda mrefu kuliko programu, na ni vizuri yaanze mapema, huku intaneti ikiwa bado inawaka na watu wakiweza kupigiana simu kubishana.